Safari ya Kumficha Mama

Mama alianza kulala mchana wiki chache baada ya kumzika mtoto wake wa mwisho. Mtoto huyo hakufikisha siku arobaini. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilimbeba mara tatu tu, maana walisema mikono yangu bado haijawa imara. Baada ya maziko, mama hakulia sana mbele za watu. Alilala. Alikaa kuchambua mchele, kidole kikisukuma punje, halafu kidole kikasimama na kichwa kikainama kifuani. Alikwenda kuanua nguo, nikamkuta ameketi chini ya kamba na kanga mapajani, amefumba macho.

Wakati mwingine wowote watu wangesema ni uchovu. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Wadachi, na miaka ya malale.

Tulikaa Usumbura, katika mtaa wa Waswahili karibu na boma, watu waliotoka Ujiji na Manyema na kuzaliana pale na Warundi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na kofia, na mara nyingine alitia viraka suruali za askari. Malale ilikuwa imeingia mwambao wote wa ziwa. Tulijua inavyokuja: homa inayokwenda na kurudi, kichwa kuuma, tezi kuota shingoni, kisha usingizi wa mchana, mtu akasinzia na tonge mkononi, mpaka siku akalala asiamke. Wazungu walikuwa wamejenga kambi za kuwaweka wagonjwa na kuwapiga sindano. Jirani yetu, mke wa muuza chumvi, alikwenda kambini akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Watoto wake walipokwenda kumtazama waliambiwa wasimame nje ya uzio. Hakurudi.

Kwa hiyo mama alipoanza kusinzia, nyumba yetu iliingia hofu, na aliyeisema hofu hiyo kwa sauti alikuwa shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, aliyeishi nasi tangu nilipojitambua.

"Mdogo wangu," alimwambia baba, "mke wako ni mgonjwa."

"Ni uchungu wa mtoto."

"Uchungu unamnyima mtu usingizi. Haumpi. Mimi nimezika mume na watoto wawili, usiniambie habari za uchungu."

Baba aliendelea kukanyaga cherehani. Nilikuwa nimeketi mlangoni, nikaona mshono unakwenda upande, naye hakuona.

Siku ile askari na mganga wa kizungu walipoonekana mtaa wa pili wakishika watu shingo mmojammoja, baba aliamua. Tutakwenda Ujiji, kwao mama. Huko kulikuwa na bibi yangu, mzaa mama, na kulikuwa na ndugu wengi wa kumficha mtu. Kwa desturi ya wakati ule, msafiri wa ziwani alitakiwa kwanza kwenda kambini ashikwe shingo, apewe cheti. Baba hakwenda kukitafuta. Aliwaambia majirani tunakwenda harusini. Kisha akafunga cherehani yake ndani ya mkeka.

"Harusi gani hiyo inayokwendewa na cherehani?" aliuliza mwenye nyumba ya pili.

"Nguo za bibi harusi zitashonwa hukohuko," baba alijibu haraka mno.

Tuliondoka alfajiri katika mtumbwi mkubwa wa mti mmoja. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa ng'ambo, wa milima ya Kongo, na mpiga kasia mwenzake alikuwa ndugu yake. Kabla hatujapanda, baba aliniita pembeni, akachutama ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Kazi yako ni moja," alisema. "Mama asilale mbele ya watu. Umesikia? Mfinye, mwimbie, mwulize maneno. Asilale."

Mpaka leo sijui kama alijua ametwisha mtoto mzigo gani. Siku ile ya kwanza sikutazama milima wala maji. Nilitazama kope za mama. Zikianza kushuka, niliuliza: Mama, bibi ana mbuzi wangapi? Mama, ule mlima unaitwaje? Mama, ulipokuwa kama mimi ulilala chumba gani? Alinijibu kwa upole, kila jibu fupi kuliko lililotangulia. Mchana nilimfinya mkono mpaka akaacha kusema "aa", akawa ananitazama tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na madoa mekundu, nami niliyaona, nikaendelea.

Tulifika Kabezi jua likiwa bado juu. Tulipokewa na mteja wa zamani wa baba, Mswahili mwenzetu aliyeoa Mrundi wa pale. Mke wake alitukaribisha kwa salamu nyingi za "amahoro", akatupikia ugali wa muhogo na dagaa kwa mawese. Watu wanne au watano wa jirani walikuja kusikia habari za mjini, wakakaa nasi barazani. Baba aliongea sana. Aliongea juu ya harusi, akamtaja bwana harusi, akataja hata rangi ya kilemba chake, na shangazi akaitikia kila neno kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nakula. Nilikuwa na njaa ya safari, nikasahau kazi yangu kwa muda wa matonge matatu. Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo, na macho yake yamefumba. Jirani mmoja alikuwa anamtazama.

Sikufikiri. Nilipiga bakuli la mchuzi kwa goti. Mawese ya moto yalimwagika mkekani, yakafika miguuni kwa mama, naye akaruka na kupiga kelele. Watu wote wakainuka. Baba akanizaba kofi mbele ya wageni, kofi la kweli, sikio likalia.

"Mtoto mjinga! Hatazami!"

Nililia, na kilio changu kikafunika kila kitu. Baadaye, tulipokwenda kunawa ufukweni, baba alitembea nyuma yangu. Kisha akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na nilidhani ni aibu.

Asubuhi yule mama mwenye nyumba alimvuta shangazi nyuma ya jiko. Nilikuwepo, nafunga mzigo wa muhogo aliotupa.

"Muende mbele haraka," alisema kwa Kiswahili chake cha pale. "Watu wameona. Mwenzenu iko na usingizi mubaya. Hapa wakisikia mugonjwa, wanaita askari, maana nyumba iliyoficha inapigwa."

"Murakoze," shangazi alimshukuru, akamshika mikono yote miwili. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Siku ya pili ziwa lilichafuka. Mbele yetu milima ilishuka karibu kabisa na maji, na upepo uliotoka kusini ulisukuma mawimbi mafupi yaliyoingia mtumbwini. Shangazi na mimi tuliyachota kwa vibuyu. Baba alikaa mbele, amejifunga kitambaa shingoni na kingine kichwani, akasema jua linampiga. Halikuwa jua la kumpiga mtu. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kumtazama baba? Wote tulimtazama mama.

Tulipofika Minago mwenye mtumbwi alikataa kuendelea mpaka maji yatulie. Tulishuka kwenye ufuko wa mawe madogo, mbali kidogo na nyumba za wavuvi. Baba akaenda kukaa kivulini peke yake na kichwa mikononi. Mama alitandika kanga juu ya mawe, akalala pale mchana kweupe, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Nilinyoosha mkono kumfinya.

"Mwache," alisema shangazi. Kisha, kwa kuwa hofu yake ilitafuta pa kutokea, akaanza. "Wifi. Wifi, amka. Unatuua sote. Mdogo wangu ameacha nyumba, ameacha kazi, amesema uongo mbele ya Mungu na watu kwa ajili yako, na wewe unalala."

Mama alifumbua macho bila kuinuka.

"Sikumwomba anilete huku," alisema.

"Angekuacha ukachukuliwe?"

"Wifi, hakuna aliyeniuliza kitu. Mmenifunga kama mzigo mkanitia mtumbwini." Akaketi, akavuta pumzi. "Unataka kujua kwa nini nalala? Nikiwa macho, saa za kunyonyesha zinafika. Kifua kinauma. Maziwa bado yanatoka, wifi. Yanalowesha nguo, na hakuna wa kuyanywa. Nikilala sisikii."

Shangazi alisimama na kibuyu mkononi, mdomo wazi. Akachutama, akamfungulia mama kanga ya kifuani taratibu, akaona nguo ya ndani ilivyo mbichi na kukauka na kuwa mbichi tena. Akasema, "Maskini mimi." Akachovya kitambaa ziwani, akamkanda kifua mama pale ufukweni, akanifukuza nikaokote kuni.

Ungedhani basi hofu ingetutoka. Haikututoka. Shangazi alimwamini mama, lakini alisema uchungu na malale vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Nami nilikuwa nimeshajifunza kuogopa, na hofu ya mtoto ikishakaa haiondoki kwa maneno.

Siku ya tatu, kabla ya Rumonge, tulikutana na wavuvi waliokuwa wakivuta wavu. Mwenye mtumbwi akazungumza nao kwa lugha yao, kisha akaweka kasia magotini.

"Mutumbwi wote unasimama Rumonge," alimwambia baba. "Daktari iko pale na askari. Jana mutu mumoja alipita mbali, wakamufuata, wakavunja mutumbwi wake kwa shoka."

"Tupite mbali zaidi. Tupite usawa wa ng'ambo."

"Miye siwezi, fundi."

"Nakuomba, ndugu yangu. Mke wangu..." Baba akasita. Yule mtu alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama maji.

"Nimejua tangu Kabezi," alisema. "Nina mutoto na mama yangu. Huu mutumbwi ndio unawalisha. Unisamehe."

Akainua kasia. Baba alibaki ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Pwani ya Rumonge ilitutisha kabla hatujashuka. Wadachi walikuwa wamewaamuru watu wafyeke vichaka vyote vya kando ya maji, maana walisema mbung'o anayeleta malale anakaa humo. Ufuko ulikuwa uchi, visiki tupu na majani ya kuchomwa. Nyuma yake kulikuwa na michikichi na soko, wanawake wamepanga vyungu vya mawese, wanaitana na kucheka kama siku yoyote. Lakini kati ya maji na soko kulikuwa na banda la makuti na foleni ya wasafiri, na askari wawili.

Baba alitupanga: shangazi mbele, kisha mimi, kisha mama, yeye mwisho. Akaninong'oneza, "Ukiulizwa, mama yako halali mchana. Sema hivyo tu."

Ndani ya banda kulikuwa na mzungu mmoja mwenye nguo nyeupe, uso umechoka, ameinamia bomba la shaba la kutazamia vitu vidogo. Aliyeshika watu alikuwa msaidizi wake, mtu mweusi wa makamo, Mswahili wa pwani ya mbali kwa lafudhi yake. Vidole vyake vilinuka dawa. Alinishika shingo kwa nyuma, akabonyeza pande zote mbili kama mtu anayechagua embe, akaniachia. Hakuniuliza kitu. Ule uongo ulibaki mdomoni mwangu.

Kisha mama. Alimbonyeza kwa muda mrefu. Akamwambia atoe ulimi, anyooshe mikono, akatazama vidole kama vinatetemeka. Akaona madoa niliyomfinya.

"Nini hii?"

"Binti yangu alikuwa ananichezea," mama alisema.

"Unalala mchana?"

Nilimtazama baba. Baba alitazama chini.

"Ndiyo," mama alisema. "Nalala sana."

Nilisikia shangazi akivuta pumzi. Msaidizi akamgeukia mzungu, wakasemezana kwa Kidachi. Walimtoboa mama kidole, wakapaka damu juu ya kioo, mzungu akatia jicho kwenye bomba. Alikawia. Nje mwanamke alikuwa anatangaza mawese yake, na nakumbuka nilimchukia kwa sauti yake nzuri. Mzungu akainua kichwa, akasema maneno mawili.

"Huyu ni mzima," alisema msaidizi. "Tangu lini unalala?"

"Tangu nizike mtoto."

"Pole, mama," yule mtu akasema. "Pita."

Shangazi alimkumbatia mama palepale, akacheka huku analia, na mimi niliwashika wote wawili kwa nguo. Sikumwona baba akiingia. Nilisikia tu sauti ya msaidizi: "Fungua kitambaa."

Tulipogeuka, vidole vya yule mtu vilikuwa shingoni mwa baba na vimesimama. Havikubonyeza tena huku na huku. Vilikuwa vimesimama mahali pamoja.

"Hapana," baba alisema. "Si mimi. Mimi nimemleta yeye."

"Una homa?"

"Ya safari tu."

"Kichwa?"

Walimkalisha kwenye kigoda, wakamchoma sindano katika tezi, wakavuta tone la maji, wakalitia chini ya bomba. Safari hii mzungu hakukawia. Alimwita msaidizi naye atazame. Baba alitutazama juu ya mabega yao. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine, akaitika kwa makosa.

Walimpeleka kambini siku ileile. Kambi ilikuwa nyuma ya michikichi, vibanda na uzio wa mianzi. Aliruhusiwa kutuaga. Alimwambia mama twende mbele mpaka Ujiji, mtumbwi unatungoja, atatufuata akipona.

"Tunabaki," mama alisema.

"Hapa? Hapa hatuna mtu."

"Tunaye wewe."

Akageuka, akaenda ufukweni, na akateremsha vitu vyetu mwenyewe. Shangazi peke yake aliendelea na safari ili bibi apate habari, akarudi kwetu baada ya mwezi.

Baba alikaa kambini zaidi ya nusu mwaka. Kila asubuhi mama na mimi tulimpelekea chakula, tukakipitisha juu ya uzio. Siku za sindano alitapika na hakutaka tumwone. Katika kibanda chao walikuwa watu wanane, na nilizoea kuhesabu vichwa kabla sijamsalimu. Vikawa saba. Vikawa vitano. Kila nilipomwona nilijisikia vibaya kwa furaha yangu, maana kulikuwa na mtoto mwingine pembeni ambaye hakumwona baba yake.

Mama alijiunga na wanawake wa soko, akajifunza kuchemsha na kukamua chikichi. Mikono yake ikawa myekundu mpaka kwenye kucha. Hakulala mchana tena. Nilimwuliza siku moja kama usingizi umemwisha. Akasema haujamwisha, ila hana pa kuuweka. Maziwa yalikauka bila mtu kuona yamekauka lini.

Alijenga nyumba pia, ya miti na udongo, nyuma ya soko. Alipewa mahali na mzee mmoja Mrundi aliyekuwa na mke kambini. Wanawake walitusaidia kukandika, lakini ukuta wa nyuma tuliukandika sisi wawili, mama na mimi, siku mbili mfululizo, maana mvua zilikuwa karibu.

Baba alitoka siku ya soko. Tulikuwa tumeambiwa atatoka siku mbili baadaye, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumpokea. Alikuja mwenyewe, akiuliza njia kwa watu, anatembea polepole na kichwa amekigeuza upande kidogo. Homa ilikuwa imemwisha na tezi zimelala, lakini dawa ile ilikuwa imemla macho. Aliona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia katika bomba, na katikati nako kulikuwa na ukungu. Hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano. Mimi ndiye niliyemtilia, mpaka nilipoolewa.

Mama alikuwa mlangoni na ungo. Aliuweka chini. Hawakushikana, watu walikuwa wanapita. Baba alimwambia, "Umekonda," naye akasema, "Wewe je?" Kisha baba akaanza kuizunguka nyumba, kiganja kwenye ukuta, anapapasa udongo kama anavyopapasa kitambaa. Mimi nilimfuata nyuma.

"Nani amekandika?" aliuliza.

"Mimi na mwanao," mama alisema.

Akafika pembe ya nyuma, akainama, akaweka uso karibu na ukuta, akagonga kwa kidole.

"Hapa patavuja," alisema.

Mvua ziliponyesha, pakavuja.